Ujumbe wa Chanjo Uliofia Mlangoni Kwangu

Admin, jina langu lifiche. Wanangu marahaba, najua mngeniamkia. Mimi ni bibi wa huku Ngara, umri siujui, ila tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa tayari mama. Kusoma sijui. Naongea tu, mwenye duka ananiandikia, yeye ni mgeni, hawajui watu wetu.

Jirani yangu alikuwa mkimbizi wa Burundi, tumwite Mama Ana. Alifika hana hata sufuria, mimi ndiye nilimpa, ile ya mama mkwe iliyotoboka, tukaiziba na... haya, turudi. Mtoto wake Ana na mwanangu walilingana umri. Kliniki wakipimwa, wangu mwembamba, wake mikono imejaa mikunjo ya unono. Nesi anasema, "Mama Ana, simama wenzio wakuone!" Mimi mwenye migomba na ng'ombe, nimtazame mtu aliyekuja na kanga moja! Mume wangu naye, "Si umuulize mwenzio anampa nini?" Moyo uliniwaka.

Mwaka ule nchi yetu ilipokuwa vitani, balozi wa nyumba kumi akapita. Ujumbe ulikuwa unatembea nyumba kwa nyumba, ukiupata unampelekea wa pili. Akasema, "Keshokutwa chanjo ya surua, na wakimbizi pia. Mwambie Mama Ana." Nikaitika. Sikumwambia. Nilitaka nesi amkaripie siku moja tu, basi.

Siku yenyewe napita na mwanangu kwenda chanjo, yuko shambani anapalilia. "Dada, umependeza, wapi hiyo?"

"Kanisani, kikao cha akina mama."

Haikupita miezi mingi, surua ikaingia. Ana alipona, jicho moja likafa. Mama yake analia, "Balozi ameturuka kwa sababu ni wakimbizi?" Nikamjibu, "Watu wana roho mbaya, mdogo wangu." Balozi alikana mpaka akachoka. Balozi amezikwa bila Mama Ana kumsalimia tena.

Sasa Mama Ana ni mgonjwa wa kitandani. Ana anamwogesha, anamlisha, anamtania mpaka anacheka. Wangu mwenye macho mawili yuko Kabanga mpakani anabadilisha hela, mwaka wa pili hajakanyaga kwangu. Mgonjwa yule bado namwonea wivu!

Jana kanishika mkono: "Dada, nikifa, Ana ni mtoto wako." Wanangu, nilifurahi. Nikasema moyoni, hatimaye cha kwake kinakuwa changu. Usiku sikulala.

Nikisema, atakufa ananilaani na Ana nitamkosa. Nikinyamaza, nitakula vipi ugali wa mikono yake? Nishaurini, niseme angali anasikia? Jibuni upesi, leo amekataa hata uji.