Mnara wa Gorong'a na Simu ya Dada

Mimi niliishia darasa la nne na sioni aibu kulisema, maana wenye digrii zao wanapanga foleni dukani kwangu Nyamisangura kuniuliza simu ipi inakaa na chaji. Nilianza na meza ya betri na tochi kule Mugumu, nikilala nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye asili yake ni pwani. Yule mzee alinifundisha kumpokea mteja kabla ya kupokea hela yake. Leo nina maduka mawili, nina nyumba Turwa, na nina shamba Gorong'a ambalo juu ya kilima chake umesimama mnara wa simu. Wataalamu wa kampuni walizunguka vilima vyote na mashine zao, wakaja kuangukia changu. Wengine wanasema bahati. Bahati haipandi kilima yenyewe. Mimi ndiye niliyekinunua wakati watu wananicheka kwamba nimenunua mawe.

Ukisimama chini ya mnara ule unaiona Kenya yote. Unayaona na mabati ya nyumba ya dada yangu. Katikati hakuna mto wala ukuta, kuna nguzo fupi ya saruji ambayo mbuzi wanajikunia.

Habari ya dada lazima niieleze, kwa sababu bila yeye hakuna duka wala kilima. Sisi Wakurya, dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio wanaomwolea kaka yake mke. Mimi na yeye tulipangwa hivyo tangu utoto. Aliolewa ng'ambo na mtu wa kabila letu wa kule, ng'ombe wakavuka nguzo ile wakaja kwetu, na kwa ng'ombe hao hao nikaoa. Watoto wangu wote, kila mmoja na pua yake, wametoka kwenye miguu ya dada. Kitu kama hicho hakilipwi. Unamheshimu mpaka mmoja wenu aende.

Heshima yangu ilikuwa simu ya asubuhi. Alikuwa mjane mwenye presha, anakaa na mke wa mwanawe mkubwa, na wanawe wote wako Nairobi. Nilimpelekea kitochi, simu ndogo ya vitufe, wenyewe kule wanaita kabambe, kikiwa na laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa kidole changu. Mnara wangu ulikuwa unamfikia mpaka jikoni. Hakujua kusoma, ila alijua kubonyeza moja na kushikilia. Akinipigia, najua ameamka. Asiponipigia, sijui kitu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, tajiri. Umeamka na huo mdomo?"

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe umemeza nini, supu ya watu?"

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Siku nyingine anaongeza habari ya mvua, siku nyingine ananiuliza ng'ombe wake mweupe aliyeko zizini kwangu kama anakula. Kisha anakata bila kuaga. Nikishamsikia nafungua duka.

Shida ilitokea upande mwingine. Mnara wetu ulikuwa unavuka kwenda kwao, na minara yao nayo ilikuwa inavuka kuja kwetu. Mteja amesimama ndani ya Tanzania, ananunua vocha ya Tanzania, simu yake inamwandikia "Karibu Kenya". Kabla hajasema haloo, salio limeliwa. Wakija kulalamika hawaendi kwenye mnara, wanakuja kwangu. Mama mmoja muuza ndizi alinirushia laini kifuani mbele ya watu akasema, "Chukua shetani lako!" Mimi, mtu mwenye jina langu.

Kwa hiyo serikali mbili zilipoita mkutano wa wananchi kule Sirari, juu ya mawimbi ya simu kuvuka mpaka, nilivaa koti. Walikuwepo maofisa wetu wa mawasiliano na wao wa Kenya, wamekaa meza moja, maji ya chupa mbele yao. Mhandisi wetu, kijana mpole, alieleza vizuri. Alisema hewa ina njia, kama barabara, na mataifa yote duniani yalishakaa yakagawana zile njia ili ndege isisikie redio ya harusi na meli isisikie teksi. Lakini pale mpakani, alisema, karatasi ya dunia haitoshi. Lazima majirani wawili wakae wenyewe, wapimane, wakubaliane wimbi la nani liishie wapi. Nilimwelewa kuliko wengi mle ndani. Ni kama malisho. Serikali inaweza kuchora ramani, lakini wenye ng'ombe ndio wanaojua ng'ombe anaishia wapi.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama bila kipaza sauti, sihitaji kipaza sauti.

"Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi yangu," nikasema, "siambiwi ni hewa. Namfukuza. Minara yao ikae kwao!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Ofisa mmoja wa Kenya, mama mnene mwenye miwani, alisubiri kelele zipungue.

"Sawa mzee, nimekupata. Na yenu?"

"Yetu imefanya nini?"

"Yenu pia iko kwetu. Watu wetu wanaumia hivyo hivyo. Sasa nauliza, na yenu ikae wapi?"

Watu walinigeukia. Mtu hawezi kudai haki ya kulia akakataa ya kushoto, si mbele ya ukumbi mzima.

"Na yetu ikae kwetu," nikasema. "Haki ni haki."

"Umesikika," akasema, akacheka. "Mzee kama wewe tungekupeleka kwa mikutano ya dunia."

Nilitoka pale nikishikwa mikono. Rafiki yangu mmoja wa sokoni aliniambia, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya, "Mura, leo umeongea na nchi mbili kwa mpigo." Na kweli nilikuwa nimeongea.

Miezi ilipita. Halafu gari mbili zilipanda kilima changu, moja namba za kwetu, moja namba za Kenya, zote zina vyuma juu kama masikio. Walipima kutwa. Walivuka, wakapima kule, wakarudi. Walikunywa uji kwenye sufuria moja chini ya mnara wangu. Sijawahi kuona watu wa serikali mbili wanakubaliana haraka vile. Yule mhandisi kijana alinivuta pembeni.

"Mzee, tutaziinamisha antena za upande ule na kuzipunguzia nguvu. Na wao wanafanya hivyo hivyo kwenye mnara wao. Wateja wako wa huku watapona."

"Na kule ng'ambo?"

"Kule wimbi litaishia mpakani. Labda mita chache mbele. Kwa nini, una mtu?"

"Nina dada."

Akanitazama. "Wewe ni mwenye eneo. Ukiandika pingamizi kabla hawajapanda, watasimama, watarudi mezani. Wanaweza kutafuta njia. Ni haki yako."

Fundi alikuwa tayari amefunga mkanda wa kupandia, anangoja ishara. Wale wa Kenya walikuwa wanakusanya vikombe.

Kwetu kuna ritongo, baraza la ukoo. Neno ukilisema ritongo limeshatoka mwilini mwako, ni la watu wote. Anayerudi kesho yake kulimeza anaitwa jina ambalo mtoto wake ataitwa nalo. Ule mkutano wa Sirari haukuwa ritongo, ulikuwa na viti vya plastiki na maji ya chupa. Lakini nilisimama kama mwanaume wa ritongo, na watu walinisikia hivyo. Nikamwambia mhandisi, "Apande."

Alipanda. Aligeuza vile vyuma kidogo tu. Ungekuwa hujui usingeona kitu.

Kesho yake simu haikuja. Nikapanda pikipiki, nikapita njia za ng'ombe hadi kwake. Nilimkuta anapepeta wimbi, ule ulezi wa uji, uani, kitochi kimening'inia shingoni kwa kamba, kimya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nilisikia redioni kuna mzee wa Tanzania mwenye kelele alifukuza minara. Nikajua ni huyu wa kwetu."

"Nitakuletea laini ya Kenya."

"Kwa kitambulisho kipi? Mimi nimeolewa huku, karatasi zote za kuzaliwa ziko kwenu. Kila nikienda wananiambia rudi kesho."

"Basi mkwe wako anayo laini."

Alishusha sauti, maana yule mkwe alikuwa jikoni. "Niongee na ndugu yangu kwa simu ya mke wa mtoto? Anisikilize nikikutukana?"

Kisha akanyanyuka na kunionyesha. Alikuwa ameshazunguka shamba zima asubuhi ile akiwa na kitochi juu, kama mtu anayetafuta mbuzi. Mwisho wa shamba la wimbi, kwenye mteremko, karibu na nguzo ya mpaka, paliingia vijiti viwili vya mtandao. "Hapa nchi yenu bado inapumua," akasema. Ningeweza kumwambia asiende. Sikumwambia. Niliipenda ile simu na mimi.

Akawa anatembea hadi pale kila asubuhi. Sauti ilikuja na upepo.

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza. Nasimama hapa kama nguzo ya pili. Mbuzi watakuja kujikuna kwangu."

Dukani mambo yalinyooka. Simu za wateja zilikaa Tanzania. Yule mama wa ndizi alirudi akanunua laini mpya, hakuomba radhi, nami sikumdai. Watu waliniita mzee wa minara. Niliitika.

Mvua za masika zilipoanza kulikuwa na asubuhi moja simu haikuja. Nikasema ni mvua. Nikafungua duka. Nikauza. Nakumbuka niliuza kava la simu la rangi ya zambarau kwa binti aliyekataa rangi zote nyingine, na nilimsubiri kwa upole. Mchana akaja bodaboda wa ng'ambo, matope hadi kiunoni, hakuvua hata kofia ya chuma. Alisema mama amekutwa na mkwe wake mwisho wa shamba, ameanguka, mkono mmoja ameulalia, anapumua. Wamempeleka hospitali ya kule.

Nilifunga duka. Nilifunga kufuli mbili kama kawaida, nikahakikisha. Njiani sikuwaza kitu. Watu wananiuliza mpaka leo nilijisikiaje, na mimi ni mtu wa maneno, nayatafuta siyapati. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sauti. Macho yalibaki. Daktari alisema anaelewa.

Sasa yuko nyumbani kwake. Niliomba nimlete kwangu, akatikisa kichwa upande mmoja, nikajua maana yake: mume wake kazikwa pale. Nilikaa naye siku kadhaa, kisha duka likaniita.

Yule mhandisi kijana alipita siku moja kukagua mnara. Nilimweleza, akaangalia viatu vyake. Halafu akasema, labda kwa kunifariji, kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki zimekaa tena zikakubaliana juu ya gharama, sasa kupiga kutoka laini ya huku kwenda laini ya kule hakuumi kama zamani. Nikajaribu. Kweli hakuumi. Na sauti ni safi, kwa sababu mnara wao unakaa kwao na wetu kwetu, mawimbi hayagombani tena. Kazi waliyoifanya wale watu ni nzuri. Nitasema hivyo popote.

Napiga asubuhi, kwenye simu ya mkwe.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Amekunywa dawa?"

"Amekunywa na uji. Subiri nimwekee sikioni." Kisha, kwa mbali, "Mama, ni mjomba. Mjomba, ongea, anakusikia."

Nasema shikamoo dada. Nasubiri pale ambapo angeniita tajiri. Naisikia pumzi yake vizuri kabisa, inaingia, inatoka, na jogoo wa uani kwake, na mkwe anayeosha sufuria. Namwambia kwetu imenyesha. Namwambia ng'ombe wake amezaa dume. Namwambia bei ya wimbi. Mimi niliyetikisa ukumbi wa nchi mbili, kwa dakika chache maneno yananiishia, nabaki nimeshika simu dukani na wateja wamesimama.

"Amefumba macho, mjomba," mkwe anasema. "Nikate?"

"Iache kidogo," namwambia.