Dada Yangu Alipoanguka Kanisani

Harufu ndiyo iliyonichosha kuliko kitu kingine. Pombe yenyewe nilikuwa nimeizoea, maana mtaa wetu wa Kitengela una maduka ya pombe kali mengi kama vibanda vya mboga za sukumawiki. Lakini hii ilikuwa harufu ya dada yangu mwenyewe: jasho chachu, matapishi yaliyofutwa haraka haraka, na juu yake tangawizi, aliyokuwa akiitafuna akidhani inaficha. Alilala sebuleni kwenye kochi langu. Asubuhi nikienda kazini nilimpita nimebana pua, kama mtu anayepita kando ya jaa la taka.

Ni mkubwa wangu. Mama alipofariki, kule Murang'a, yeye ndiye aliyenilea. Alinitangulia Kitengela, akafungua kibanda cha kushona sare za shule karibu na barabara ya Namanga, na alikuwa fundi kwelikweli. Kisha mishono ikaanza kupinda. Kola upande mmoja juu, upande mwingine chini. Wazazi wa wanafunzi wakapungua mmoja mmoja bila kumwambia sababu. Mwenye kibanda alipoweka kufuli lake mlangoni, nilimchukua dada kwangu, yeye na cherehani yake.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Wengine walisema ni kwa sababu mume alimwacha, ingawa alianza kunywa mume akiwepo. Wengine walisema amerogwa. Nilimuuliza mwenyewe asubuhi moja, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwanzo nilikuwa naipenda," alisema. "Sasa hata siipendi. Nakunywa ndio nisitetemeke."

Niliona ni uongo wa mlevi.

Akina mama wa kanisa letu wakaja nyumbani kumwombea. Walikunywa chai yangu huku wakichungulia chini ya kochi kutafuta chupa. Mwishowe waliamua afunge na kuomba, asiguse hata tone, kisha Jumapili aletwe mbele ya kanisa atakaswe. Walipeana zamu za kukaa naye. Mimi nilifurahi. Nilidhani hatimaye mtu mwingine amenishikia huo mzigo.

Kufikia Jumamosi alikuwa akitetemeka hivi kwamba hakuweza kufunga vifungo vya sweta. Jasho lilimtiririka. Aliniambia kuna siafu wanapanda pazia, na pazia lilikuwa safi. Mama aliyekuwa kwenye zamu alitabasamu, akasema pepo ameanza kusikia joto.

Jumapili walimpeleka mbele wakiwa wamemshika makwapa. Mzee wa kanisa, mwanamume mnene mwenye suti ya kijivu, alimwekea mkono kichwani na kuanza kukemea. Dada yangu aligeuza shingo kama anayeitwa na mtu aliye nyuma yake, akakakamaa, akaanguka kwenye sakafu ya simiti. Miguu ilipiga piga. Povu likamtoka mdomoni, na mkojo ukatambaa hadi kwenye viatu vya wanakwaya. Wakarudi nyuma wakiinua sketi zao. Mzee alizidisha sauti, na watu wakaanza kupiga makofi.

Sitadanganya: kwanza nilichukizwa na yeye. Nilitamani sakafu immeze. Kisha nikainua macho nikaona mwanamke mmoja, mmoja wa wale waliokunywa chai kwangu, ameinua simu anamrekodi, na anainama kidogo ili uso uonekane vizuri. Hapo kinyaa changu kilihama.

Niliuondoa mkono wa mzee kichwani mwa dada yangu. Nilimwambia inatosha. Alinitazama kama nimevunja kitu cha madhabahuni. Nje, dereva wa teksi alikataa kutubeba mpaka nilipotandika leso niliyojifunga kiunoni kwenye kiti, na njiani alifungua madirisha yote. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimegeuza uso.

Hospitalini daktari aliuliza kama dada anakunywa kila siku. Nikasema ndiyo, miaka mingi.

"Na nani aliwaambia aache mara moja?"

Nilimweleza habari za maombi. Hakupandisha sauti. Alisema mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa, hata mtu afe. Unashushwa polepole, kwa dawa, mtu akiangaliwa.

"Huyu ni mgonjwa, mama," alisema. "Mngemleta hapa kwanza, halafu mumwombee."

Nilikaa kwenye benchi nikikumbuka yale maneno ya nisitetemeke. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu, kwa lugha rahisi, na nilimwona mwongo kwa sababu ananuka.

Jambo lililonichukiza zaidi lilikuwa bado mbele. Duka la pombe lililo kwenye geti la mtaa wetu ni la yule mzee wa kanisa. Kila mtu alijua. Mimi pia nilijua, kama unavyojua choo kiko wapi bila kukizungumzia. Dada yangu alikuwa akinunua pale vichupa vya plastiki, vile vidogo vinavyoingia kwenye sidiria. Kesho yake mchana nilimwendea mzee, nikamkuta amekaa nyuma ya vyuma vya dirisha lake. Nilimuuliza aliwezaje kumkemea pepo ambaye yeye mwenyewe alimuuza kwenye vichupa.

Hakukasirika. Alinipa hata kiti.

"Mimi nauzia watu wazima, na leseni niko nayo," alisema. "Nikifunga leo, dada yako atavuka barabara anunue kwa mwingine. Na yale mabati ya kanisa mlikuwa mnadhani yametoka wapi?"

Kwa habari ya kuvuka barabara, alikuwa amesema kweli. Niliondoka. Kanisa hilo sikurudi tena. Ile video ilizunguka simu za mtaa mzima; jirani alikuja kunipa pole akitaka pia kujua zaidi. Nilimwambia aifute. Aliifuta mbele yangu, kisha akasema kwa upole kwamba wengine bado wanayo.

Dada alipelekwa Kajiado, kwenye nyumba ya matibabu ya walevi. Kila nilipoweza nilimtembelea. Mlikuwa na mwalimu mkuu, dereva wa lori la saruji, na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa mpole sana, mwenye shanga nzuri. Familia yake iliuza ardhi kwa wanunuzi wa viwanja. Alinisimulia bila kulia: "Ng'ombe walikosa malisho, tukawauza. Halafu ardhi yenyewe tukainywa, mimi na vijana wangu." Akaniuliza kama nimekula.

Dada yangu alitoka pale amenenepa, akarudi kwangu. Krismasi akanywa tena, nikamkuta amelala bafuni na nguo, nikamwosha huku nikijizuia kutapika. Safari hii nilimpeleka hospitali moja kwa moja, bila kuita mtu. Baadaye akasema hawezi kuishi tena kwenye geti lile, akapanga chumba Kajiado mjini. Siku hizi anapinda kingo za mashuka ya Kimaasai na kurekebisha suruali za watu. Mishono imenyooka. Kuna wiki nzuri, na kuna wiki ambazo hapokei simu, nami hupanda gari kwenda kuangalia.

Mwezi uliopita nilimkuta akipika. Tulikula, halafu akaniuliza kama huwa namwonea kinyaa.

Nikamwambia ndiyo, mara nyingine.

"Hata mimi hujionea," alisema, akaniongezea mboga.