Kasa wa Mto Themi

Tulimwachia kasa wa baharini katika Mto Themi, katikati ya Arusha, tukiamini tunamrudisha kwao. Nilimkumbuka juzi, nilipoona kwenye simu watu wa Pangani wakimsindikiza kasa aliyepona hadi majini.

Wetu aliletwa nyumbani kwetu, mtaa wa Kaloleni, na Mjomba Salimu, utingo wa lori la Tanga. Alimkuta amekwama ufukweni, pezi limechanwa na wavu, akaogopa watu wangemchinja. Aliahidi kumrudisha akipona. Mama alimpaka asali kwenye jeraha. Mimi nilitia chumvi kwenye beseni, nikionja kama mchuzi, ingawa bahari sikuwa nimewahi kuiona. Sebule nzima ilinuka shombo.

Alipoacha kula, dada yangu Zuhura alisema, "Mwalimu alituambia Themi unaishia baharini. Huyu si anajua kuogelea?"

Alasiri ile tulimbeba kwenye ndoo. Maji yalinguruma kwenye mawe, yakinuka sabuni ya waliokuwa wakifua. Kasa alipiga mapezi mara mbili akapotea, nasi tukashangilia. Sikujua kwamba maji yale baridi, yasiyo na chumvi, yangemdhoofisha zaidi.

Nyumbani tulimkuta Mjomba uani, amekuja na madumu mawili ya maji ya bahari.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Zuhura alimweleza. Hakutugombeza, alichukua ndoo akaenda mtoni. Alirudi magharibi, ndoo tupu, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Hadi leo sijamuuliza kama alimkosa au alimzika.