Leso ya Kujifunzia

Juzi nilikuwa katika duka la rangi pale Mabawa, mama mmoja akaweka leso juu ya kaunta. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na kila mara aligeuka kutazama mlangoni.

"Nipe dawa ya kuitoa hii rangi."

Muuzaji akaikunjua. Maandishi yalikuwa yamepinda: MAMBO YAKO NAYAJUA, NIMENYAMAZA TU.

"Umechapa mwenyewe?"

"Najifunza nyumbani. Nimewamba kitambaa cha wavu kwenye fremu, rangi napitishia hapo. Hii ya kwanza nikaianika uani ikauke, upande wa jirani."

Muuzaji akaguna. "Amenuna?"

"Afadhali angenuna. Kaja kwangu mbio, ananiuliza, 'Shoga, nani kakwambia?' Nami sijui lolote, wallahi."

"Rangi hii ikishakauka haitoki, dada."

Mama akaikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

Huku kwetu leso haipiti bila kusomwa, na kila msomaji hudhani kaandikiwa yeye. Nilimcheka yule jirani njia nzima. Nilipofika nyumbani, kabla ya kufungua mlango, nilichungulia kwanza kamba ya jirani yangu ina nini.