Asiyebisha Hodi

Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya chumvi, hapa Marereni, hafuti miwani ila kwa ncha ya tai. Hati za shehena zisipofika Mombasa, malori hayatoki. Programu ya kuzituma ina njia mbili: sisi tubishe hodi kwa kompyuta ya Mombasa, au yenyewe ije ibishe kwetu. Yeye huchagua ya pili. "Mimi sibishi hodi kwa mtu," husema, tai mkononi. Kisha ulinzi wa mtandao aliouweka mwenyewe humfukuza mgeni aliyemwita mwenyewe, naye huwatukana watu wa Mombasa. Jana, fundi alipotoka kwenda kunywa chai, karani Batuli aligeuza mpangilio, tukabisha hodi sisi, hati zikaenda. Fundi aliporudi na kuyaona malori yanatoka, alifuta miwani taratibu. "Mwaona? Nimewakazia wiki nzima, leo wamekuja wenyewe."