Mfalme wa Wodi ya Wanaume

Miaka ya tisini, uuguzi nilikuwa nimeusomea Burundi. Ili nisajiliwe huku, nilipewa mtihani wa afya ya akili wodini, hapa Mpanda. Nadharia nilikuwa nimeimeza yote.

Mzee mmoja akaingia akimfokea mgonjwa aliyevunjika mguu: "Mtumwa wangu, nani kakuruhusu kuvunja mguu wangu?"

Nikamkalisha kwa upole. "Baba, unajua uko wapi?"

"Kwenye ufalme wangu."

Mgonjwa akacheka hadi machozi. Nikamwambia matroni, msimamizi wa mtihani, kwamba hawa wawili akili zimewaruka.

Matroni akamtazama mzee. "Mtumwa wangu, umetoroka tena?"

Nikaanza kumtafutia matroni naye kiti.

Wodi nzima ikaangua kicheko. Yule mgonjwa akanishika mkono, akaiigiza sauti yangu ya upole: "Dada, sisi na huyu mzee ni watani wa makabila. Wewe unajua uko wapi?"