Nani Aliacha Koki Wazi

Bosi wangu mpya alikuwa haniachi nipumue. Kila nikimpelekea ripoti, inarudi na swali lile lile pembeni mwa kila aya: nani? Nikiandika kwa Kiingereza changu kwamba mkutano uliitishwa, anauliza nani aliuitisha. Nikiandika kwamba mabomba yalikaguliwa, anauliza nani aliyakagua. Mimi, jamani, nani tena! Ofisi yetu ya mradi wa maji pale Chikongola ilikuwa na watu watano tu, dereva akiwemo.

Kiingereza kile sikukiokota njiani. Nilifundishwa sekondari, nikakikomaza katika ofisi ya kwanza niliyofanya kazi, ambako barua ya heshima ilikuwa ile isiyo na mtu ndani yake. Mambo yalifanyika, yalibainika, yalizingatiwa, na aliyeyafanya hatumjui wala hatumtaki. Kadiri sentensi ilivyokuwa ndefu ndivyo mkubwa alivyoiwekea sahihi bila kuuliza. Nilijivuna kwa sentensi zangu, wallahi.

Bosi mpya hakuzitaka. Alikuwa mama wa makamo kutoka Dar, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Siku moja alinisomea sentensi yangu mbele ya wenzangu, na kwa Kiswahili ingekuwa hivi: ilionekana kuwa kulikuwa kumefanyika kutofungwa kwa koki.

"Ungemwambia hivi mtu sokoni?" aliniuliza.

Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilitaka aachane na sentensi ile haraka. Koki ile niliyoiandika nilijua nani hakuifunga. Alikuwa mama mdogo wangu.

Ndiye aliyenilea kule Mpapura baada ya mama kufariki. Maisha yake yote alikuwa akilima muhogo na kuokota korosho, mpaka mradi ulipochimba kisima kijijini na kamati ya maji ikamchagua kuwa mhudumu wa gati, pale kwenye mabomba ya kuchotea. Alipewa ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la khanga na hakuuweka chini hata akienda kuoga. Watu walianza kumwita "mama maji", naye akawa anaitika kabla hawajamaliza kutamka. Sijawahi kumwona akipenda kitu kama alivyoipenda kazi ile.

Sasa siku moja ukaingia msiba nyumba ya jirani. Akasikia kilio, akatupa ndoo, akakimbia, koki ikabaki wazi. Maji yakamwagika mpaka tenki likakauka, pampu ikaendelea kuvuta hadi kisima kikaisha, ikavuta hewa, ikaungua. Kijiji kikarudi kuteka bondeni kwa muda mrefu.

Kwetu kitu kikiharibika hatuanzi na jina. Tunasema kimeharibika, basi. Kila mtu anamjua aliyeharibu, na mwenyewe anajua kwamba anajulikana, naye anaachiwa nafasi atafute namna yake ya kuja. Mama mdogo alikuja siku ya tatu. Alifagia gati lote peke yake, kisha akapika sufuria nzima ya muhogo wa nazi, akaibeba kichwani hadi kwenye kikao cha kamati. Wakala. Mwenyekiti akasema muhogo umeiva vizuri, mwingine akaomba chumvi. Neno la pampu halikutajwa, na jambo likawa limekwisha. Tangu siku ile, ingawa maji hayakuwa yakitoka, alikuwa akienda kukaza koki, anatembea hatua kumi, anarudi kuitazama tena.

Haya, hayo ungeyaandikaje kwa Kiingereza cha bosi wangu?

Nilijaribu. Niliandika kwamba kamati iliacha koki wazi. Ikarudi: kamati nzima? Nikaandika kwamba mhudumu mmoja aliacha koki wazi. Ikarudi: yupi, wa gati lipi? Ilikuwa Ijumaa, wafadhili walikuwa wanaisubiri ripoti kabla ya adhuhuri, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Ningeweza kunyanyuka, nikaingia ofisini kwake, nikamwambia huyu ni mama yangu. Hatua sita tu. Nikazitazama zile hatua sita, nikabaki kwenye kiti. Kisha nikaandika jina lake, na baada ya jina nikaandika kwamba aliacha koki wazi na akaunguza pampu.

Bosi alitoka mwenyewe kuja kwenye meza yangu. "Sasa hii ndiyo sentensi," akasema. "Fupi, safi, kila mtu anaelewa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Jioni nilitembea Shangani kando ya bahari nikijisomea kimoyomoyo sentensi ile, jinsi ilivyonyooka. Sikujua kama mtu anaweza kufurahia jambo na kulionea aibu kwa wakati mmoja.

Wiki iliyofuata simu ikalia.

"We mwana!" Mama mdogo alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Dereva wenu kaniambia jina langu limeandikwa kwenye ripoti, limekwenda Ulaya! Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Jumatatu iliyofuata niliingia kwa bosi, nikamwomba tuirudishe ripoti. Akaniuliza kwa nini, ndipo nikasema kwamba yule ni mama yangu, na kilichomkimbiza ni msiba. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Ilishakwenda," akasema. "Ungeniambia siku ile ile, tungeandika mambo ya msiba, tungeandika kwamba gati halikuwa na mhudumu wa pili. Nilitaka kujua nani. Sikusema usiandike kwa nini."

Nilitamani awe mtu mbaya, nimchukie. Hakuwa mbaya. Alijaribu hata kuwaandikia wafadhili, kwa Kiingereza chake kile kilichonyooka, nao wakajibu kwamba wameshaamua. Walikuwa tayari kuleta pampu mpya, lakini hawataki ikabidhiwe kwa mtu yule yule. Barua ikapelekwa Mpapura kwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi sikuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri ifike.

Jumamosi baada ya barua kufika nilikwenda. Nilimkuta mama mdogo amekaa kwenye mkeka barazani, pindo la khanga halina kitu. Barua ilikuwa mapajani. Ilikuwa ya Kiswahili, alishaisoma mwenyewe, lakini aliniomba nimsomee tena, nami nikasoma: kwa mujibu wa ripoti, mhudumu huyu aliacha koki wazi na kuunguza pampu.

"Ni kweli," akasema. "Niliacha." Akaitoa barua mkononi mwangu, akaikunja. "Ila nilidhani yamekwisha. Nani kawaandikia?"

Aliniuliza taratibu, bila ukali. Kazi yangu ni kuandika ripoti. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe anaandika ripoti za Kiingereza mjini.

"Imeandikwa ofisini, mama," nikasema.

Akanitazama. Sikumbuki ni kwa muda gani, lakini nakumbuka nilikuwa nikihesabu vifundo vya mkeka. Kisha akaondoa macho.

Ndipo wakaingia kina mama wa jirani kumpa pole. Walikuwa wanne, na mmoja wao, mwenye ulimi wake, hakukaa hata chini vizuri.

"Kamati ilinyamaza, kijiji kilinyamaza," akasema. "Nani huyo aliyekuchongea? Tutajie tumjue!"

Mimi nikarudi kuhesabu vifundo vya mkeka.

"Imeandikwa tu, huko ofisini," mama mdogo akajibu. "Hakuna aliyenichongea. Huyu mwanangu kaja kunipa pole." Akanigeukia. "Mwanangu, wamiminie wageni chai."

Nikanyanyuka nikamimina. Vikombe vikafurika, chai ikajaa kwenye visahani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.